Nilikwenda Manila kutazama riwaya ikiimbwa, nikarudi na mama mmoja kichwani

#1 BintiKyela

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Huu uzi ni deni. Kwenye ule wa vyakula vya ajabu nilijisahau nikasema nimewahi kuishi Ufilipino, mkanikaba na maswali ya balut, lile yai la bata lenye kifaranga ndani, mpaka nikakimbia. Ya balut tuyaache. Leo nawaletea ya igizo la nyimbo lililotokana na riwaya ya kwao, Noli Me Tangere, na mods naomba msiuhamishie jukwaa la mapishi, ingawa kuku atakuwemo.

Nilikuwa nasoma shahada ya pili Los Baños, mkoa wa Laguna, kusini ya Manila. Mambo ya mbegu za mpunga. Wa kilimo mnapajua: ndipo yalipo makao ya IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, waliotoa mbegu ya IR8 mwaka 1966. Waafrika hatukosekani pale. Mji wa jirani ni Calamba, unaufikia kwa jeepney, daladala lao la bati lenye mabenchi mawili ya ubavuni, abiria mnatazamana magoti kwa magoti kama chai maharage ya zamani. Nauli unampa jirani, jirani anampa jirani mpaka imfikie dereva, na chenji inarudi kwa njia hiyo hiyo. Yangu haijawahi kupotea.

Calamba ndiko alikozaliwa José Rizal, 19 Juni 1861. Sura yake iko kwenye sarafu ya peso moja, kwa hiyo unamshika mkononi kila siku kabla hujajua ni nani. Daktari wa macho, mshairi, mtu wa lugha nyingi. Wahispania walimpiga risasi Manila tarehe 30 Desemba 1896, akiwa na miaka 35. Mashtaka yaliandikwa uasi, lakini mwulize Mfilipino yeyote, atakwambia kilichomponza ni riwaya mbili. Ya kwanza ndiyo hii, Noli Me Tangere, aliyoichapisha Berlin mwaka 1887, nakala 2,000, kwa pesa za kukopeshwa na rafiki yake Máximo Viola, maana mwenyewe alikuwa hana hata ya kula vizuri. Aliiandika kwa Kihispania.

Tangu sheria ya mwaka 1956 shule zote zinalazimika kumfundisha Rizal. Noli inasomwa darasa la tisa la kwao, ya pili, El Filibusterismo, darasa la kumi. Kwa hiyo kila Mfilipino unayemjua, nesi, baharia, fundi wa hoteli, ameshaifanyia mtihani. Na wengi, kama sisi na vitabu vyetu vya fasihi, waliifunga siku walipotoka chumba cha mtihani.

Mimi nilipelekwa na dada niliyekaa naye nyumba moja. Kule dada mkubwa anaitwa Ate, nami nitamwita hivyo. Mdogo wake alikuwa anapiga gitaa kwenye kundi la wanafunzi wa chuo kimoja Manila. Walikuwa wameigeuza Noli kuwa igizo la nyimbo, wametunga wenyewe. Ya wakubwa ipo: ile ya mwaka 1995, muziki wa Ryan Cayabyab, maneno ya Bienvenido Lumbera. Na kabla yake kuna opera ya 1957 ya Felipe Padilla de León, ambayo maneno yake yaliandikwa na mchonga sanamu, Guillermo Tolentino. Niliyotazama mimi si hizo. Ilikuwa ya vijana, bendi ya watu sita, mapazia ya shuka, na askari wenye bunduki za mbao zilizopakwa rangi vibaya.

Ukumbi ulijaa wanafunzi wa darasa la tisa walioletwa na walimu wao. Kelele, chipsi za pakiti, simu. Ate akaniambia, "Hawa wameletwa kwa maksi." Nikajua sitasikia kitu.

Naenda kutoa chakula jikoni, narudi.

#2 Kidagaa

Naweka kiti cha mbele. Dada kuku yuko wapi?

#3 Jembe la Mkono

Mkuu kwanza hilo jina maana yake nini? Nolimetanjere. Kama jina la dawa ya minyoo.

#4 BintiKyela

@Jembe la Mkono 😂 Ni Kilatini. Yohana 20:17, Yesu anamwambia Maria Magdalena "Usinishike". Rizal mwenyewe kwenye barua moja aliandika kuwa ameyatoa Injili ya Luka, akakosea. Lakini pia madaktari wa zamani waliliita hivyo donda baya la uso, lile ambalo ukiligusa tu mgonjwa anapiga ukelele. Na kwenye tabaruku yake anaiambia nchi yake hivyo: una saratani, naileta ngazini pa hekalu watu waione, huenda atakayepita ana dawa.

@Kidagaa kuku huyo anakuja.

Kijana Crisostomo Ibarra amerudi kutoka Ulaya baada ya miaka saba. Kapitan Tiago, tajiri wa Manila na baba wa mchumba wake Maria Clara, anamfanyia karamu. Mezani wapo mapadri wa Kihispania, wa kwanza wao Padre Damaso, aliyekuwa paroko wa kwao Ibarra. Inaletwa tinola, mchuzi wa kuku wa tangawizi. Chakula cha kawaida tu kule, nimekipika mwenyewe. Sasa kwenye kugawa, Damaso anaangukiwa na shingo na bawa gumu. Ibarra, ambaye kuku alichinjwa kwa ajili yake, anapata firigisi na vinono vingine vya ndani.

Wakuu, mimi ni mtu wa Kyela. Firigisi najua inaenda kwa nani. Nikaelewa hapo hapo, bila mkalimani, kwamba mtu mzima ametukanwa mbele za watu na hakuna aliyefungua mdomo.

Vijana walifanya hivi: bakuli linazunguka meza, wapishi wanaimba sehemu za kuku moja moja kama mnadani, paja, kidari, ini, na ngoma inazidi kwenda mbio, halafu kimya, kijiko kinaibuka na shingo. Shingo ilikuwa ya mpira, ndefu kama mkono. Damaso akaitazama. Hakuimba. Alianza kusaga viazi kwa nyuma ya kijiko, tap, tap, tap, na mpiga ngoma akafuata kijiko. Wale wa darasa la tisa ndiyo mara ya kwanza wakaacha chipsi zao.

Wimbo wote wa karamu ni huo. Uhasama wa kitabu kizima uko ndani ya bakuli.

#5 Kidagaa

Firigisi!! Vita vya ukoo wetu vilianzia hapo hapo. Baba mdogo mpaka leo hasalimiani na mtu.

#6 MwalimuKibokoni

Ndugu zangu, salamu kutoka Mombasa. Binti, umesema ulielewa bila mkalimani. Nikuongezee utamu. Mimi husomesha lugha, na niliwahi kukaa na mabaharia wa Kifilipino bandarini nikawa natega sikio. Padre wao ndiye padri wetu. Wao wamelipata kwa Mhispania, sisi kwa Mreno. Mesa ni meza, bandera ni bendera. Hayo ya Ulaya. Yapo yaliyopita mlango mwingine, kwa Waarabu hadi kwa Wamalai hadi kwao: salamat ni asante yao, nasi tuna salama. Mahakama wanaita hukuman, nasi tuna hukumu. Na barua kwa Kitagalogi cha zamani ni kalatas. Karatasi hiyo! Bahari moja hiyo, wanangu.

Nyimbo zilikuwa kwa lugha gani?

#7 BintiKyela

Mwalimu shikamoo. Kitagalogi chote, isipokuwa Doña Victorina, yule mama Mfilipino anayejipaka poda awe Mhispania. Yeye aliimba Kihispania kibovu cha makusudi na ukumbi ulikufa kwa kicheko. Hiyo kalatas sikuwa naijua, ila hukuman niliisikia mara nyingi sana usiku ule, na kila ikitajwa nilikuwa nashtuka kama nimeitwa.

Tena ni jambo la ajabu ukilifikiria. Kitabu kiliandikwa kwa lugha ya mtawala, na wale waliotakiwa wakisome wengi walikuwa hawaijui. Leo mjukuu wao anakisoma kwa tafsiri na kukiimba kwa lugha ya bibi yake.

#8 FrateriMstaafu

Naomba niingie kwa heshima. Mimi nimesoma seminari miaka tisa kabla ya kuona njia nyingine. Hii hadithi naijua kwa juu juu, na kila ninapoisikia padri ndiye mnyama. Damaso mnene, Damaso mlafi, Damaso hana adabu. Watoto wa miaka kumi na minne wanapelekwa na walimu kucheka padri. Hamuoni kuna kitu hakijakaa sawa?

#9 MamaWawiliDoha

Frateri pole lakini hebu subiri dada amalize.

Mimi niko Doha mwaka wa sita, chumbani tuko wanne, Wafilipino wawili. Mwisho wa 2022 kulikuwa na tamthilia ya televisheni ya kwao, mwanafunzi wa unesi anajikuta ameingia ndani ya hiki kitabu. Walikuwa wanaitazama kwa simu wakitoka zamu, na mimi nimekaa pembeni nauliza huyu nani, huyu nani. Basi nikagundua majina ya humo wanayatumia kila siku. Mwanamke mpole wa kujisitiri ni Maria Clara. Hata gauni lao la mikono mipana linaitwa hivyo. Na mmoja akiamka nywele zimesimama, mwenzake anamwambia, "Sisa!" na wanacheka. Nilidhani Sisa ni jina la mchekeshaji.

#10 BintiKyela

Mama Wawili umenifikisha pale pale nilipokuwa nataka kwenda. Naomba tuvumiliane, hii sehemu ni ndefu.

Sisa ni mama maskini wa San Diego, mji wa kubuni wa kwenye kitabu. Ana wana wawili, Basilio na Crispin, watoto wa kupiga kengele kanisani. Mshahara wao peso mbili kwa mwezi, na ukikosea unakatwa. Mdogo, Crispin, anasingiziwa kaiba vipande viwili vya dhahabu. Anamwuliza kaka yake hivyo ni pesa ngapi. Peso 32. Wanahesabu kwa vidole. Mkuu wa masakristani anawazuia wasiende nyumbani usiku huo.

Nyumbani mama amewatengenezea chakula ambacho si cha kila siku. Nyama kavu ya nguruwe mwitu, paja la bata alilopewa na mzee Tasio, nyanya. Anaingia mume, mcheza kamari wa majogoo, anakaa, anakula vyote. Mama anasimama anamwangalia. Mume akishiba anaondoka. Sisa anapika tena wali kidogo na samaki wakavu watatu waliobaki, anapiga hesabu: kila mtoto mmoja na nusu.

Hiyo hesabu ya mmoja na nusu iko kwenye kitabu. Haikutungwa na wanafunzi. Wao waliifanya kiitikio. Binti mwembamba, sauti ya kawaida tu, si ya kupasua dari, anapanga sahani mbili sakafuni na kuimba moja na nusu, moja na nusu, na kila akirudi anasogeza samaki wa nusu kutoka sahani hii kwenda ile.

Basilio anafika peke yake, risasi imempitia kwenye kipaji. Crispin hafiki kabisa. Kesho yake askari wanamkamata Sisa, wanampitisha njia kuu ya mji katikati ya bunduki mbili mchana kweupe, mama wa wezi. Akiachiwa, akili imeshakwenda. Ndiyo Sisa wanayemtania watu: nywele timtim, anaimba, anaita majina mawili.

Na ndivyo ilivyokuwa. Alipotoka na nywele zile, wale vijana wakaangua kicheko. Siyo wote, lakini wa kutosha. Mmoja, safu mbili mbele yangu, akaita kwa sauti ya kuiga, "Crispiiin! Basiliooo!" Mwalimu akamgeukia. Wenzake wakazidi.

Yule binti akaacha kuimba. Bendi ikaendelea kidogo, ikasita, ikabaki gitaa la mdogo wake Ate peke yake. Akashuka ngazi za jukwaa, miguu mitupu, bila kipaza sauti, akaja mpaka kwenye ile safu, akachuchumaa mbele ya yule kijana. Nilidhani atamchapa kibao. Akamtazama usoni kama anayetafuta alama. Akasema kwa sauti ya chini, nami nikasikia kwa kuwa ukumbi ulikuwa umenyamaza:

"Kumain ka na, anak?"

Umeshakula, mwanangu?

Hiyo ni salamu ya kila siku kule. Utaulizwa na mwenye nyumba, na mlinzi, na profesa. Huwa hatujibu kwa kweli, kama vile "habari" yetu. Kijana alikuwa bado ana tabasamu la utani mdomoni. Likamtoka. Akasema:

"Hindi pa po."

Bado. Na hiyo po ni neno la heshima, unamwambia mkubwa wako.

Sisa akafungua kiganja, hakina kitu, akamega nusu ya kile kisicho kitu, akamwekea mkononi. Nusu nyingine akaifunga kwenye upindo wa kanga, samahani, wa saya yake. Akanyanyuka akarudi jukwaani akiwa anaita yale majina mawili, na safari hii hakuna aliyemwiga.

Mimi bibi yangu alikuwa akituwekea sahani wajukuu tuliochelewa, anaifunika kwa ungo. Sikuwa nimemkumbuka kwa muda. Ate akanipa leso bila kugeuka.

#11 Jembe la Mkono

Nasoma hii kwenye basi, nimelazimika kujifanya naangalia dirishani.

#12 MamaWawiliDoha

Sitawaacha tena watanie hilo jina. Au nitawaacha, ni lao, lakini mimi sitacheka.

#13 MwalimuKibokoni

Alilipanga hilo la kushuka, ama lilimjia?

#14 BintiKyela

Mwalimu, ndilo swali la kwanza nililomwuliza mdogo wake Ate. Akasema kwenye mazoezi Sisa alikuwa anabaki jukwaani. Gitaa aliendelea nalo kwa kuwa hakujua la kufanya.

Na niongeze moja, kwa kuwa nimekaa jirani na Calamba. Mama yake Rizal, Teodora Alonso, Rizal akiwa mtoto, alisingiziwa kutaka kumtilia mtu sumu. Akatembezwa kwa miguu kutoka Calamba hadi Santa Cruz, kama kilomita 50, mwanamke wa heshima zake, akakaa gerezani miaka miwili na nusu. Kwa hiyo yule mama katikati ya bunduki mbili, mwandishi hakwenda mbali kumtafuta.

#15 FrateriMstaafu

Nimesoma ya Sisa. Nimekaa nayo. Lakini swali langu bado liko pale pale, na sasa limekuwa zito zaidi, maana kama ukumbi umelia hivyo basi wametoka na chuki kwa nani? Kwa kanisa.

#16 BintiKyela

Frateri, nakujibu kwa heshima, maana na mimi ni Mkatoliki na Los Baños nilikuwa naimba kwaya.

Ugomvi wako si mgeni. Mwaka 1956 Seneta Claro Recto alipoipigania ile sheria, uongozi wa Kanisa ulipinga vikali, na shule za Kikatoliki zilitishia kufunga. Walimalizana kwa suluhu: mwanafunzi anaweza kuomba asisome kitabu kizima kwa sababu za imani, lakini somo lenyewe halikwepi. Na mwaka 2010 mwongoza watalii maarufu, Carlos Celdran, aliingia Kanisa Kuu la Manila katikati ya ibada, amevaa kama Rizal, akanyanyua bango lenye neno moja: DAMASO. Neno moja tu. Akashtakiwa na kutiwa hatiani kwa kuudhi hisia za kidini. Riwaya ya 1887 bado inampeleka mtu mahakamani, hukuman ya Mwalimu.

Lakini jambo ambalo hapa kwetu hatulijui: hao wakina Damaso walikuwa watawa kutoka Hispania, waliokuwa na parokia, mashamba na sauti kuliko gavana. Calamba karibu yote ilikuwa shamba la Wadominiko, na familia ya Rizal walikuwa wapangaji. Walipogombana juu ya kodi, walifukuzwa kwa askari, nyumba zikabomolewa. Na mapadri wazalendo nao walionewa. Watatu wao, Gómez, Burgos na Zamora, walinyongwa hadharani 17 Februari 1872 kwa kusingiziwa uasi. Riwaya yake ya pili Rizal ameitabaruku kwa mapadri hao watatu. Mtu mwenye chuki na joho hafanyi hivyo.

#17 FrateriMstaafu

Hilo la tabaruku sikulijua. Nalichukua. Sijabadilika kuhusu watoto na kicheko, lakini nalichukua.

#18 Kidagaa

Ibarra vipi? Tangu kuku hatujamwona. Huyu si ndiye stelingi?

#19 BintiKyela

😂 Stelingi ndiye, lakini sikumpenda sana, tuseme ukweli. Sauti nzuri, koti jeupe, anasimama katikati ya mwanga. Haraka haraka: anakuta baba yake, Don Rafael, alifia gerezani, na maiti ikafukuliwa kwa amri ya Damaso ipelekwe makaburi ya Wachina, mvua ikanyesha, mchimba kaburi akaona mzigo mzito, akautupa ziwani. Ibarra anaamua asilipize, anajenga shule. Siku ya jiwe la msingi anategewa mtambo umwangukie. Anaokolewa na Elias, mwendesha mtumbwi. Baadaye anasingiziwa uasi, na mchumba wake analazimishwa kutoa barua yake itumike kama ushahidi.

Wimbo wa Elias na Ibarra mtumbwini ndio ulionikamata. Elias anasema watu wameshachoka, Ibarra anasema serikali itasikia, tuelimishe kwanza. Kila mmoja ana ubeti wake, kisha wanaimba pamoja, maneno tofauti, na huwezi kuwasikia wote. Lazima uchague sikio. Ate alimsikiliza Elias. Mimi, mtoto wa mwalimu, nikajikuta namsikiliza Ibarra, na niliona aibu kidogo. Na ukoo wa Elias uliangamizwa na baba wa babu yake Ibarra, na anakuja kulijua hilo baada ya kumwokoa.

#20 Jembe la Mkono

Elias alikuwa sahihi. Serikali gani ya mkoloni iliwahi kusikia?

#21 MwalimuKibokoni

Na Rizal mwenyewe alikuwa upande gani? Maana ndiye aliyewaandika wote wawili.

#22 BintiKyela

Hapo ndipo wenyewe wanagombana mpaka leo. Bonifacio na wenzake walioanzisha Katipunan, chama cha siri cha kupigania uhuru, mwaka 1892 walimtukuza, lakini walipomtumia mjumbe kuhusu vita, akasema hawajawa tayari. Wahispania wakamuua hata hivyo. Kwa hiyo @Jembe una hoja.

Mwisho wa igizo, niumalize, usiku umeenda.

Frateri, hii ni yako. Maria Clara anagundua baba yake wa damu si Kapitan Tiago bali Padre Damaso. Akisikia Ibarra amekufa (hajafa) anamwambia Damaso: utawa au kaburi. Yule kijana mnene wa shingo ya kuku, tuliyemcheka saa mbili, akapiga magoti akaimba kwa mara ya kwanza usiku huo. Kabla ya hapo alikuwa anafoka na kugonga kijiko tu, nami sikuwa nimegundua. Alimwimbia Mungu kwamba amwadhibu yeye, si mtoto. Ukumbi haukujua ufanye nini. Mimi pia. Nilitaka kuendelea kumchukia na nikashindwa kwa kama dakika mbili, kisha nikakumbuka ziwa na maiti ya Don Rafael, nikaendelea.

Halafu msituni, mkesha wa Krismasi. Basilio anamkimbiza mama yake ambaye hamjui. Mama anafunga mlango, mtoto anapanda mti, anaanguka karibu yake na damu usoni, na damu ile ndiyo inayomrudishia mama akili. Anamtambua. Anakata roho. Elias naye, amejeruhiwa, anamwambia mtoto akusanye kuni awachome wote wawili.

Sasa sikilizeni. Wakati wa mapumziko, yule kijana wa "Hindi pa po" alikwenda nje akarudi na pakiti ya biskuti, akaiweka ukingoni mwa jukwaa. Wenzake walikuwa wanacheka, yeye mwenyewe anacheka, wakapiga picha. Ilikaa pale kipindi chote cha pili. Askari waliiruka. Padre Salvi, paroko aliyemrithi Damaso, karibu aikanyage. Kwenye msitu, Sisa akiwa anamkimbia mwanawe, akapita pale pale, akainama bila kusimama, akaitia kwenye upindo.

Aliyecheza Basilio alipomlalia mama yake kifuani ikasikika, krrr, biskuti zinavunjika. Hakuna aliyecheka.

#23 Kidagaa

Mimi nilikuja kwa ajili ya kuku.

#24 MamaWawiliDoha

Nimewasomea wenzangu chumbani, natafsiri mstari kwa mstari. Mmoja amesema alicheza Sisa darasa la tisa, na wao walimcheka mpaka mwisho.

#25 Jembe la Mkono

Mkuu kitabu chenyewe kinapatikana kwa lugha tunayoweza kusoma?

#26 BintiKyela

Kwa Kiingereza kuna tafsiri ya Soledad Lacson-Locsin, ndiyo Ate aliyonipa, na ya Harold Augenbraum. Ya zamani ni ya Charles Derbyshire, 1912, hiyo unaipata bure mtandaoni kwa sababu haki zake zimeshakwisha. Lugha yake ni ya kizee lakini inasomeka. Kila sura ni fupi fupi.

#27 FrateriMstaafu

Nimepakua ya Derbyshire. Niko sura ya tatu, karamuni. Nimecheka peke yangu ofisini, msaidizi kaja kuuliza kama niko salama. Nimemwambia ni shingo.

#28 BintiKyela

Frateri 😂 Endelea. Ila sura ya 16 kaisomee nyumbani.